Uzi: Picha zilizochorwa ili zifungiwe gizani. Imani na mazishi ya Misri ya kale kwa jicho la fundi rangi

FundiVibao

Habari za jioni wakuu.

Kazi yangu ni kuchora mabango na kuandika majina. Maduka, daladala, vibao vya makanisa, na kwa miaka mingi sasa misalaba na vibao vya makaburini. Familia inakuja na kikaratasi: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufariki. Mwaka juzi niliruka herufi moja kwenye jina la mzee mmoja, na maziko yalikuwa kesho yake saa nane. Mwanawe mkubwa alinifuata nyumbani usiku. Hakufoka. Alisema tu, "Fundi, huyu uliyemwandika hatumjui." Nikakoroga rangi usiku ule ule, nikafuta, nikaandika upya kwa mwanga wa tochi.

Siku kadhaa baada ya hapo usingizi haukuja vizuri, nikawa nasoma. Nilitaka kujua watu wengine duniani walilipa jina la marehemu uzito gani. Nikafika Misri ya kale, na mpaka leo sijatoka huko.

Habari za piramidi na dhahabu ya Tutankhamun mnazijua. Mimi nataka tuzungumzie picha. Swali lililonikamata ni la kifundi kabisa: kwa nini mtu apake ukuta mzima rangi nzuri namna ile, achore mpaka manyoya ya bata moja moja, halafu chumba kizibwe kwa mawe asiingie mtu tena? Mteja ni nani? Anayetazama ni nani?

Mteja ni marehemu mwenyewe. Na picha ni posho yake.

Kaburi la mtu mwenye uwezo lilikuwa na sehemu mbili. Juu palikuwa na chumba cha ibada, ndugu wanaingia, wanaleta mikate na bia. Chini, kwenye shimo refu, palikuwa na chumba cha jeneza kilichozibwa siku ya maziko. Kule juu, hasa kwenye makaburi ya zamani zaidi, utakuta kitu ambacho wataalamu wanakiita mlango wa uongo: mlango uliochongwa kwenye jiwe, una vizingiti, juu yake una umbo la mkeka uliokunjwa, lakini haufunguki. Huo ni wa marehemu. Yeye anapita, anachukua chakula kilichowekwa mbele yake, anarudi.

Sasa fikirini. Watoto wataleta chakula mwaka wa kwanza, wa pili, wa kumi. Wajukuu je? Vitukuu? Wamisri walijua vizuri kwamba makaburi husahaulika. Hapo ndipo picha zinaingia kazini. Wakachora meza imejaa mikate, paja la ng'ombe, bata, vitunguu, zabibu, mitungi. Wakachora watu wakilima, wakivuna, wakisaga, wakioka, wakipika bia, ili chakula kisikatike. Waliamini kilichochorwa ukutani na kutajwa kwa jina kipo kweli.

Na walijua hata picha peke yake haitoshi, ndiyo maana makaburi mengi yana maneno yanayomwita mpita njia. Enyi mlio hai duniani, mnaopita mbele ya kaburi hili, semeni: elfu ya mikate, elfu ya bia, elfu ya ng'ombe na ndege, kwa ajili ya fulani. Wengine waliongeza ombi ambalo nikilisoma najisikia kama nimeshikwa mkono: ni pumzi ya mdomo tu, haichoshi.

Nitaendelea. Wenye maswali wekeni.

---

MwanaPangani

Asante kaka. Mimi ni mtoto wa pwani, kwetu ukienda msibani unatoa ubani, na ubani wenyewe unachomwa. Je wale nao walichoma?

---

FundiVibao

Dada MwanaPangani, walichoma sana, na wao walikuwa wanaufuata mbali. Malkia Hatshepsut, aliyetawala karne ya 15 kabla ya Kristo, alituma merikebu kwenda nchi waliyoiita Punt. Wataalamu wengi wanaiweka upande wa kusini wa Bahari ya Shamu, maeneo ya Eritrea, mashariki ya Sudan na pembe ya Afrika. Safari hiyo imechongwa kwenye kuta za hekalu lake la Deir el-Bahari: nyumba za Punt zimesimama juu ya nguzo, unapanda kwa ngazi, na watu wamebeba miti ya manukato mizima mizima, mizizi ikiwa ndani ya makapu. Maandishi yanataja miti 31.

Neno lao la ubani lilibeba maana ya kitu kinachofanya jambo liwe la kimungu. Ukichora kuhani mbele ya maiti bila chetezo mkononi, picha haijakamilika.

Niendelee na mazishi yenyewe. Mto Nile unagawa nchi, na kule Thebes, Luxor ya leo, walio hai walikaa zaidi mashariki, wafu wakazikwa magharibi jua linapozama. Wafu wenyewe waliitwa watu wa Magharibi. Basi msafara unavuka mto kwa mashua. Ng'ambo jeneza linawekwa juu ya chombo cha kuburuta kisicho na magurudumu, ng'ombe wanavuta, na mtu anatangulia akimwaga maziwa njiani. Nyuma yao watu wamebeba vitanda, viti, masanduku ya nguo, mitungi ya mafuta. Mbele au kando, wanawake wanalia.

Hao wanawake nenda kawatazame kwenye kaburi la Ramose, waziri mkuu wa mfalme Amenhotep III na baadaye mfalme Akhenaten. Kuta nyingine za kaburi lile zimechongwa kwa ustadi mkubwa sana, laini kama hariri, lakini ule wenye mazishi umepakwa rangi tu. Kundi zima wamevaa nguo nyepesi za rangi ya maji, mikono juu, nywele zimeachwa, wanajimwagia vumbi kichwani. Machozi yamechorwa kama mistari midogo inayoshuka shavuni. Wamebanana kiasi kwamba mkono huu hujui ni wa nani. Katikati yao kuna msichana mdogo, naye ameinua mikono kama anavyowaona wakubwa wakifanya. Aliyechora pale alishawahi kukaa msibani. Huwezi kuibuni mikono ile.

---

MwanaPangani

Nimeitafuta hiyo picha sasa hivi nikaiona. Huyo mtoto. Wallahi nimemkumbuka bibi yangu, siku ya mazishi ya babu mimi nilikuwa hivyo hivyo, sijui kinacholiliwa, nalia.

---

Nesi_Zawadi

Mkuu, kwa upande wa kitaalamu, ni kweli walikausha mwili kwa chumvi? Na moyo walitoa?

---

FundiVibao

Nesi, ni magadi. Yalichimbwa kwenye bonde linaloitwa Wadi Natrun, kaskazini-magharibi mwa Cairo. Walipasua ubavu wa kushoto wakatoa ini, mapafu, tumbo na utumbo, kila kimoja kikakaushwa na kutunzwa kwenye chupa yake. Zamani zile za Ufalme Mpya (kama 1550 mpaka 1070 KK), hasa nusu yake ya pili, vifuniko vya chupa hizo ni vichwa vinne: cha mtu analinda ini, cha nyani mapafu, cha mbweha tumbo, cha kipanga utumbo. Ubongo waliutoa puani wakautupa, hawakuona kazi yake. Moyo waliuacha mahali pake. Kwao moyo ndio uliofikiri, ndio uliokumbuka, ndio uliojua yote uliyotenda. Kuanzia kifo mpaka maziko zilikuwa siku 70 kwa desturi, ikiwemo kufunga mwili kwa vitambaa vya kitani na kuweka hirizi kati ya tabaka moja na jingine.

Nisikae sana hapo, kwa sababu yaliyofuata mlangoni pa kaburi ndiyo yanayonigusa zaidi. Mwili uliofungwa unasimamishwa wima. Kuhani aliyevaa ngozi ya chui anakuja na vifaa, na kimojawapo ni tezo. Ndiyo, tezo hii hii ya fundi seremala. Anaigusisha mdomoni pa marehemu. Wanaita kufungua kinywa: tangu hapo marehemu ataweza kula, kunywa, kupumua, kusema. Na si maiti tu waliyofanyiwa hivyo. Sanamu nazo zilifunguliwa kinywa. Kabla ya hapo sanamu ilikuwa jiwe, baada ya hapo ilikuwa mtu.

Kwenye ukuta wa kaskazini wa kaburi la Tutankhamun, Ay aliyemrithi ufalme amechorwa akimfanyia Tutankhamun jambo hilo hilo. Kwa desturi ilikuwa kazi ya mtoto kwa baba yake. Ay alikuwa mzee na Tutankhamun alikufa kijana, lakini aliyefungua kinywa ndiye mrithi, basi ukuta umesema.

---

Msafiri_Mzee

Mkuu picha zao mbona zimekaa ajabu, uso umeangalia pembeni lakini jicho limetazama mbele, mabega mbele, miguu pembeni. Hawakujua kuchora au?

---

FundiVibao

Mzee wangu, shikamoo. Walijua mno. Tazama ndege wao na samaki wao, utajua aina yake bila kuuliza.

Ukishakubali kwamba picha ni mwili wa pili wa marehemu, swali lako linajijibu. Kila kiungo wamekichora kwa upande unaokionyesha kikamilifu. Uso ni bora upande, pua na kidevu vinaonekana. Jicho ni bora mbele, likiwa zima. Mabega mbele, kwa sababu ukiyachora pembeni mkono mmoja unapotea, na mtu wa milele asiye na mkono atakulaje? Wewe na mimi tunachora anachoona mtu aliyesimama mahali fulani saa fulani. Wao walichora mtu alivyo, sehemu zote zikiwepo.

Na walikuwa na vipimo. Walichukua kamba iliyochovywa kwenye rangi nyekundu, wakaivuta ukutani na kuiachia, kama wajenzi wetu wanavyopiga mstari. Ikatoka miraba. Mtu aliyesimama, kutoka kisiginoni mpaka nywele zinapoanzia kwenye paji, miraba 18. Kipimo hicho kilidumu karne nyingi kabla hakijabadilishwa.

Imani hiyo ilikuwa na upande wa hofu pia. Kwenye vyumba vingine vya maiti utakuta alama za hieroglifi, yaani maandishi yao ya picha, zimelemazwa makusudi: nyoka amekatwa vipande viwili, ndege hana miguu. Kama mkate wa ukutani unaliwa, basi na nyoka wa ukutani anauma. Mafundi wale wale waliomlisha marehemu walihakikisha pia hakuna cha kumdhuru pale gizani.

---

Ustadh_Mwinyi

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimefuatilia kwa makini. Sisi Waislamu tumeambiwa kwamba mizani za uadilifu zitawekwa Siku ya Kiyama, na hata uzito wa chembe ya hardali utaletwa. Nimesikia nao walikuwa na mizani. Fundi, tueleze bila kuchanganya dini.

---

FundiVibao

Waalaykum salaam ustadh. Nitaeleza kama walivyoichora wao, kila dini ibaki na yake.

Picha bora ya mizani kwangu ni ya Hunefer, mwandishi wa mfalme Seti I, ya mwaka 1275 KK hivi. Imechorwa kwenye gombo lake la karatasi ya mafunjo, mojawapo ya yale ambayo leo yanaitwa Kitabu cha Wafu, yenye maneno ya kumsaidia marehemu huko aendako, na sasa iko British Museum. Inasomwa kutoka kushoto. Mungu Anubis mwenye kichwa cha mbweha anamleta Hunefer amemshika mkono, kama mtu anayempeleka mtoto shuleni siku ya kwanza. Hunefer kavaa kitani cheupe. Kisha mizani. Upande mmoja moyo wake ndani ya chungu kidogo, upande wa pili unyoya mmoja, unyoya wa Maat, yaani ukweli na haki na mambo kukaa sawa. Anubis amepiga goti anatazama timazi. Thoth, mwenye kichwa cha ndege kwarara, anaandika matokeo. Kati yao amekaa Ammit, anasubiri.

Ammit ana kichwa cha mamba, mbele simba, nyuma kiboko. Moyo ukizidi unyoya, anaula, na mwenye moyo anakwisha kabisa. Hakuna moto wa milele wala rufaa kwake. Ni kutokuwepo tena.

Tofauti na tunayoyajua, hawakuweka mema upande huu na mabaya upande ule. Moyo ulitakiwa ulingane na ukweli. Na kabla ya hapo marehemu anasimama mbele ya waamuzi 42 na yeye anamwambia kila mmoja wao jambo ambalo hakulifanya. Sikuiba. Sikuua. Sikupunguza kipimo cha nafaka. Sikuongeza jiwe la mizani. Sikumwondolea mtoto maziwa kinywani. Mtu akisoma orodha ile anaona soko lao, mashamba yao, visa vya majirani zao.

Walimwogopa zaidi shahidi aliyekuwa kifuani mwao. Juu ya kifua cha maiti waliweka hirizi ya jiwe yenye umbo la mbawakawa anayeviringisha kinyesi, na nyuma yake maneno ya kuubembeleza moyo: ewe moyo wangu niliopewa na mama yangu, usisimame kunishuhudia vibaya mbele ya mwenye mizani.

Katika vitabu hivi mizani hukaa sawa. Hutakuta mwenye kitabu ameliwa. Baadhi ya watu wanaona huo ni udanganyifu wa tajiri kujinunulia hukumu. Mimi nauona kwa imani yao wenyewe: ulichokichora kinatokea, kwa hiyo hakuna fundi angethubutu kuchora kushindwa.

---

Rufiji_Chini

Mamba, simba, kiboko. Huyo aliyembuni Ammit alikaa kando ya mto. Huku kwetu ukiuliza mtu anaogopa nini atakutajia hao hao watatu kwa mpangilio huo.

---

Msema_Wazi

Uzi mzuri lakini tuseme ukweli. Yote haya ni ya wafalme na matajiri. Maskini alifukiwa mchangani kama kawaida. Mnasifia anasa za watu wachache.

---

FundiVibao

Mkuu hoja yako ina uzito na sitaikwepa. Maandishi ya kwanza ya namna hii yako ndani ya piramidi ya mfalme Unas kule Saqqara, kama 2350 KK, na yalikuwa ya mfalme peke yake. Baada ya karne kadhaa yakaanza kuandikwa kwenye majeneza ya wakubwa wa mikoa. Kufikia Ufalme Mpya yakawa kwenye magombo ya mafunjo ambayo mtu mwenye kazi nzuri angeweza kununua. Mkulima wa kawaida hakufika huko. Alizikwa mchangani na mkeka na chungu chake.

Lakini sikiliza habari ya magombo hayo, maana hapa ndipo palipo na ugonjwa wangu. Maarufu kuliko yote ni la Ani, mwandishi, la mwaka 1250 KK hivi. Lilinunuliwa Luxor mwaka 1888 kwa ajili ya British Museum na likakatwa vipande 37. Zima lilikuwa karibu mita 24. Ukilitazama kwa makini, sehemu zake nyingi ziliandikwa kabla mnunuzi hajapatikana. Mwandishi alifika penye jina akaacha nafasi. Baadaye mtu akaja akajaza: Ani, Ani, Ani. Mwandiko unaonyesha.

Mimi nimeziona nafasi hizo nikajua kabisa ni kitu gani. Dukani kwangu kuna misalaba imepakwa rangi nyeupe tayari, imeandikwa "Hapa amelala", na chini yake hapana kitu. Siku ya msiba familia haina muda.

Na wapo waliokuwa katikati, si matajiri wala maskini: mafundi wenyewe. Waliishi kijiji kimoja, Deir el-Medina, ng'ambo ya mto, na kazi yao ilikuwa kuchimba na kuchora makaburi ya wafalme. Waligawanyika upande wa kulia na upande wa kushoto, kama mabaharia. British Museum kuna kigae cha chokaa cha mwaka wa 40 wa Ramses II, ni daftari la mahudhurio. Kila jina lina siku ambazo mtu hakuja na sababu yake. Huyu anaumwa macho. Huyu ameumwa na nge. Huyu anapika bia. Huyu anamtayarisha ndugu yake kwa maziko. Huyu anamfunga mama yake sanda.

Ruhusa ya msiba, wakuu. Miaka zaidi ya 3,200 iliyopita, imeandikwa kwa wino na karani wa kazi.

Katika mwaka wa 29 wa Ramses III mafundi wa kijiji hicho hicho waligoma, wakaacha kazi wakaenda kukaa kwenye mahekalu, kwa sababu posho ya nafaka ilichelewa. Kwa hiyo usidhani walikuwa watumwa wanaochapwa viboko. Wakati wao wa kupumzika walijichimbia makaburi yao wenyewe. La Sennedjem lilipatikana mwaka 1886 likiwa halijaguswa. Chumba kidogo, dari la upinde, rangi ya manjano kila mahali. Ukuta mmoja yeye na mkewe Iyneferti wanalima katika Mashamba ya Matete, pepo yao: yeye anavuna ngano kwa mundu, mke anaokota masuke, halafu yeye anashika jembe la ng'ombe, mke anapanda mbegu. Mifereji ya maji imewazunguka, mitende imejaa tende. Na wamevaa nguo nyeupe za sherehe, hakuna tope. Mtu aliyefanya kazi ya mawe maisha yake yote alijichorea shamba lenye maji.

---

Mlezi_wa_Ilala

Samahani, wao pepo yao ni kulima? Mimi nilidhani ukifa unapumzika.

---

FundiVibao

Hata wao waliliona hilo tatizo. Ndiyo maana waliweka sanamu ndogo zinazoitwa shabti, na juu yake maneno: nikiitwa kwenda kulima au kubeba mchanga, wewe utasema, "Mimi hapa." Wengine waliweka moja au mbili. Tutankhamun alikuwa nazo 413. Mfalme Taharqa wa Kush, aliyezikwa Nuri katika Sudan ya leo, alikuwa nazo zaidi ya 1,000.

---

Afrika_Kwanza

Umemtaja Taharqa, safi. Sasa sema wazi, Wamisri walikuwa weusi au hawakuwa? Picha zinasema nini?

---

FundiVibao

Ndugu, nitakujibu kwa upande wa picha, kwa sababu ndio ninaoujua. Rangi za makaburini zilikuwa lugha. Mwanamume mara nyingi hudhurungi nyekundu, mwanamke manjano, hata wakiwa kaka na dada wa tumbo moja. Osiris, mfalme wa wafu, ana ngozi ya kijani kama mmea unaochipua au nyeusi kama tope la Nile, na nchi yenyewe waliiita Kemet, nchi nyeusi, kwa ajili ya tope hilo. Sanamu mbili za ukubwa wa mtu zilizolinda chumba cha Tutankhamun ni nyeusi tii zenye dhahabu, kwa maana hiyo ya kuzaliwa upya. Ukichukua rangi moja ukutani ukaifanya picha ya kitambulisho, utakosea kwa kila upande.

Kwamba ni Waafrika, waliozikana kando ya mto wa Kiafrika, na wafalme wa Kush waliendelea kujenga piramidi karne nyingi Misri ilipokwisha kuziacha, hilo halihitaji rangi kulithibitisha.

---

Juma_London

Wakuu nipo London, nasafisha ofisi usiku, mchana wa Jumapili huwa napita British Museum kwa sababu kuingia ni bure. Baada ya kusoma huu uzi nilikwenda kutafuta picha za kaburi la Nebamun, Mmisri mmoja wa kale. Chumba namba 61. Fundi, sijui niseme nini. Anawinda ndege kwenye kinamasi chenye mafunjo, mke yuko nyuma yake, binti amekaa katikati ya miguu yake ameshika mguu wa baba. Na paka! Paka amekamata ndege watatu kwa wakati mmoja. Nimesimama pale mpaka mlinzi akanitazama.

---

FundiVibao

Juma asante sana mdogo wangu. Jicho la paka huyo lilipakwa dhahabu, na wewe umelitazama kwa macho yako. Uliangalia pia maandishi? Yanasema Nebamun anajifurahisha na kuona mambo mazuri. Alikuwa mhasibu wa nafaka wa hekalu la mungu Amun, 1350 KK hivi. Mahali pengine utaona jina la Amun limekwanguliwa, kwa sababu muda mfupi baadaye Akhenaten alitaka mungu mmoja tu, jua, akatuma watu na patasi wakafute Amun mpaka ndani ya majina ya watu. Ukimfuta kwenye jiwe umemuua, ndivyo walivyoamini pande zote mbili.

Lililoniuma kuhusu Nebamun ni kwamba vipande hivyo vilibanduliwa ukutani miaka ya 1820 na wakala wa mambo ya kale, na kaburi lenyewe mpaka leo halijulikani lilipo. Picha ziko London, mwenyewe hana mahali. Ukipita tena Jumapili, nenda pale karibu, useme kwa sauti ndogo: elfu ya mikate na bia kwa Nebamun.

---

Juma_London

Nitasema. Kwa Kiswahili ataelewa?

---

FundiVibao

Alichoomba ni jina na pumzi. Lugha hakutaja.

---

Msafiri_Mzee

Marahaba kijana. Nina swali la mwisho nikalale. Makosa je? Nao walikuwa wanakosea kama wewe na yule mzee wa msalaba?

---

FundiVibao

Walikosea, mzee wangu, na makosa yao yamebaki.

Kuna Merit, mke wa Kha, msimamizi wa mafundi wa kijiji kile kile. Kaburi lao lilipatikana 1906 likiwa zima, sasa karibu kila kitu kiko Turin, Italia, mpaka mikate. Merit alitangulia kufa na jeneza lake halikuwa tayari. Wakamlaza kwenye la mumewe, lililoandikwa jina la mumewe. Lilikuwa kubwa mno kwake, wakajaza nafasi kwa vitambaa.

Na kuna kaburi la mfalme Horemheb, katika Bonde la Wafalme, lililofunguliwa 1908. Alikufa kabla halijakwisha. Kuta zake zimebaki kila moja katika hatua yake, na kwa fundi ni kama kuingia kwenye karakana wenyewe wakiwa wametoka kwenda kula. Hapa miraba tu. Pale mwanafunzi amechora miungu kwa mstari mwekundu. Kisha amekuja fundi mkuu na brashi ya rangi nyeusi akasahihisha juu yake: bega limeshushwa kidogo, mguu umesogezwa, alama ya hieroglifi imegeuzwa. Mbele zaidi mchongaji ameanza kufuata mstari mweusi kwa patasi, amechonga kichwa na kifua, kiuno kimebaki wino. Mfalme amewekwa ndani, mlango umezibwa, nyekundu na nyeusi zote zikabaki ukutani zinaonekana.